Kisanduku cha "Lipa": Kinaundwa Mara Moja, Kinatumika Mara Mia, na PIN Yako Haiingii Humo

Siku hizi ukinunua kitu mtandaoni unakutana na kisanduku kilekile: nafasi ya kuandika nambari ya simu, kiasi cha pesa, na kitufe kikubwa cha "Lipa". Uko kwa muuza viatu, uko kwenye tiketi ya basi la Nairobi, uko kwenye karo ya mtoto, ni kile kile. Mbona vinafanana hivyo? Nani anavitengeneza? Na kufanana huko kunakulinda, au kunakuweka pabaya?

Somo la leo ni la watu wawili. Wa kwanza ni wewe mteja unayelipa kwa simu. Wa pili ni wewe mfanyabiashara mdogo unayetaka kuweka malipo kwenye tovuti yako na umeshaanza kuongea na kijana wa kukutengenezea. Si lazima ujue kuandika programu. Tutakwenda polepole.

Ukimaliza kusoma utajua:

- Kisanduku cha malipo kinaundwaje, na kwa nini hakiundwi upya kila mara.
- Pesa yako inapita wapi kuanzia unapobonyeza "Lipa" mpaka upate ujumbe.
- Mambo ya kuangalia kabla ya kuweka PIN, na maswali ya kumuuliza fundi wa tovuti kabla ya kumlipa.

1. Kalibu moja, matofali mengi

Tuseme una biashara ndogo hapa Bofu. Unapika mabuyu, unatengeneza achari ya maembe na ya ndimu. Wateja wako wako Mtongwe na Shika Adabu, wengine ng'ambo Mwembe Tayari, na wengine Nairobi wanaotaka kutumiwa kwa basi. Unataka ukurasa mmoja ambapo mtu achague pakiti, alipe, na wewe upate oda.

Fundi wa tovuti anaweza kukaa chini na kuandika kisanduku cha malipo kwa ajili yako peke yako. Kesho anakuja mteja wake mwingine, mwenye duka la madera, anaandika kingine. Kesho kutwa chama cha akina mama, anaandika cha tatu. Baada ya mwezi ana visanduku kumi, na kila kimoja kina kasoro yake. Akigundua kosa katika kimoja, itabidi azunguke kurekebisha vyote kumi. Atasahau viwili au vitatu, na huko ndiko mteja wa mtu atakatwa pesa mara mbili.

Fundi mwenye busara hufanya kama mfyatua matofali. Anatengeneza kalibu moja nzuri, kisha anafyatua. Katika lugha ya JavaScript, ambayo ndiyo lugha inayoendesha karibu kila kitu kinachosogea ndani ya ukurasa wa tovuti, kipande hicho cha skrini kinachotumika tena na tena tutakiita kijenzi. Kisanduku cha malipo ni kijenzi. Kitufe ni kijenzi. Orodha ya bidhaa ni kijenzi.

Kijenzi kizuri kinapokea vitu vichache tu kutoka nje: jina la biashara, kiasi, maelezo ya oda, labda na rangi. Mengine yote yako ndani tayari. Kwako kinaandika "Mabuyu pakiti 4, shilingi 400". Kwa mwenye madera kinaandika lake. Kosa likionekana, linarekebishwa kwenye kalibu, na kila duka likisasishwa linapata kisanduku kilichorekebishwa.

Njia hii ya kujenga skrini kwa vipande ilienea sana baada ya 2013, Facebook ilipoitoa React bure kwa kila mtu. Vue ilifuata 2014. Siku hizi vivinjari vyenyewe vina uwezo wa kuelewa vijenzi, hata bila React wala Vue.

2. Kiunzi: kwa nini fundi haanzi na uwanja mtupu

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa kisanduku, kuna kazi nyingi za kuchosha. Folda zipangwe. Faili ya kuorodhesha vifaa iandikwe. Pawe na njia ya kujaribu kwenye kompyuta kabla ya kuweka hewani. Msimbo ubanwe uwe mdogo, usimalizie mteja bando. Kazi hizi ni zilezile kila mradi, na ukizifanya kwa mkono utaruka moja.

Ndipo zilipokuja zana za kusimamisha kiunzi. Fundi anaandika amri moja, anajibu maswali mawili matatu, na zana inamwekea folda, faili na mipangilio yote mahali pake. Fikiria umefika kwenye kiwanja chako ukakuta msingi umechimbwa, nguzo zimesimama na boriti zimefungwa. Kazi yako ni kujenga kuta. Tofauti ni moja tu: mwashi akimaliza nyumba anabomoa jukwaa lake, lakini kiunzi hiki kinabaki ndani ya nyumba. Kikiwa kibovu, unaishi nacho.

Zana ya mapema iliyojulikana sana ni Yeoman, ya mwaka 2012. Mwaka 2016 Facebook ilitoa Create React App, na kwa miaka mingi wanafunzi wengi wa JavaScript walianzia hapo. Lakini tarehe 14 Februari 2025 timu ya React ilitangaza kwamba zana hiyo imestaafu na isitumike kuanzishia miradi mipya. Wengi wamehamia Vite, iliyoanzishwa 2020 na Evan You, yuleyule aliyeanzisha Vue. Amri yake ni fupi:

npm create vite@latest kisanduku-malipo

Zana itauliza: unataka React, Vue, Svelte, Lit, au JavaScript ya kawaida? Ukijibu, inaunda folda. Ndani yake kuna faili ya package.json, ambayo ni kama orodha ya vifaa vya ujenzi: inataja vifurushi vya msimbo ambavyo mradi umeviazima moja kwa moja kutoka kwa watu wengine. Kuna ukurasa wa kuanzia, na folda ya src ambamo fundi ataandika kisanduku chenyewe. Vite pia ina mpangilio maalum wa kutengeneza kijenzi cha kuazimisha, yaani badala ya kutoa tovuti nzima, inatoa kisanduku peke yake kilicho tayari kubandikwa kwenye tovuti yoyote.

Na wewe muuza mabuyu haya yanakuhusu nini? Yanakuhusu hivi: kijana akikwambia "nitakujengea kwa Create React App", sasa unajua ni kiunzi kilichostaafu. Huna haja ya kugombana naye. Muulize tu kwa nini, na nani atakitunza.

3. Ukibonyeza "Lipa", nini kinatokea?

Tuchukue M-Pesa, iliyoanza hapa Kenya Machi 2007. Safaricom ilifungua mlango rasmi wa watengenezaji wa programu mwaka 2017, ukaitwa Daraja. Jina lenyewe limesema: tovuti iko upande huu, M-Pesa iko ng'ambo, na katikati kuna daraja la kuvukia. Safari ya malipo ni hii:

1. Unaandika nambari yako ya simu kwenye kisanduku na kubonyeza "Lipa".
2. Kisanduku kinapeleka nambari hiyo na oda yako kwa seva ya mfanyabiashara. Seva ni kompyuta iliyoko mbali, si simu yako.
3. Seva inajitambulisha kwa Daraja kwa funguo zake za siri, kisha inaomba: "Mwombeni mwenye nambari hii alipe shilingi 400 kwa Till au Paybill hii."
4. Simu yako inaonyesha dirisha dogo lenye kiasi na jina la biashara, likikuomba PIN. Dirisha hili halitoki kwenye tovuti. Linaletwa na mtandao wa simu kupitia laini yako.
5. Unaweka PIN. Inakwenda moja kwa moja kwa M-Pesa. Tovuti haiioni.
6. M-Pesa inakujibu kwa ujumbe, na wakati huohuo inaijibu seva ya mfanyabiashara. Kisanduku kinabadilika na kuandika "Umelipa, asante".

Rudia hatua ya 4 na ya 5, maana somo lote limekaa hapo. Kisanduku kilichoundwa kwa JavaScript kinaomba nambari ya simu tu. PIN ina njia yake nyingine kabisa.

Tofauti yake na kadi ya benki ni kubwa. Kwenye malipo ya kadi, mara nyingi unaandika nambari za kadi ndani ya ukurasa wenyewe. Mwaka 2018 wahalifu walipenyeza mistari 22 tu ya JavaScript kwenye tovuti ya shirika la ndege la British Airways. Mistari hiyo ilinakili walichoandika wateja na kukipeleka kwa wezi. Watu zaidi ya 400,000 waliathirika, na mwaka 2020 mamlaka ya Uingereza ilitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20. Mlipaji wa M-Pesa anayeweka PIN kwenye dirisha la simu yake hana hatari ya aina hiyo, kwa sababu PIN haikupita kwenye ukurasa.

Ila ulinzi huo unavunjika mara moja mtu akikubali kuandika PIN ndani ya ukurasa.

4. Hali sita ambazo kisanduku kizuri lazima kizijue

Mafundi wengi chipukizi hutengeneza kisanduku chenye hali mbili: "lipa" na "imelipwa". Duniani mambo hayako hivyo. Mteja yuko ndani ya feri ya Likoni, mtandao unakuja na kuondoka, betri iko asilimia 3. Kisanduku kilichokamilika kina hali hizi:

- Tayari. Kinasubiri nambari. Kikubali 07, 01 na +254, kisha chenyewe kigeuze kuwa mtindo wa 254 unaotakiwa na Daraja. Mteja asisumbuliwe kwa kosa la kuandika sifuri.
- Kinatuma. Kitufe kinazimwa mara tu kinapobonyezwa, ili mtu mwenye haraka asibonyeze mara tatu na kupata maombi matatu.
- Kinasubiri PIN. Kiandike wazi: "Angalia simu yako. Weka PIN kwenye simu, si hapa."
- Imefaulu. M-Pesa imejibu kwa nambari ya matokeo 0.
- Haikufaulu, na sababu inajulikana. Nambari 1 maana yake salio halitoshi. Nambari 1032 maana yake mteja ameghairi mwenyewe. Mteja aambiwe sababu kwa Kiswahili, asiachiwe nambari tupu.
- Haijulikani. Nambari 1037 maana yake simu haikupatikana au muda umekwisha bila jibu. Pia jibu linaweza kuchelewa njiani.

Hali ya mwisho ndiyo inayoleta kelele nyingi dukani. Mteja anasema "nimelipa", muuzaji anasema "sijaona". Kisanduku kibovu kinaandika "Jaribu tena", mteja anajaribu, anakatwa mara mbili. Kisanduku kizuri kinaandika "Tunahakikisha, usilipe tena kwanza", na huku nyuma seva inaiuliza Daraja: ombi lile limefikia wapi? Daraja ina huduma ya kuuliza hali ya ombi. Fundi asiyeitumia amekuachia wewe kazi ya kugombana na wateja.

Faida ya kijenzi inaonekana hapa. Kufikiria hali sita ni kazi ya siku kadhaa. Ukiifanya mara moja kwenye kalibu, muuza mabuyu, mwenye madera na chama wote wanafaidi. Mafundi wengi hutumia zana iitwayo Storybook, inayowaonyesha kijenzi kikiwa katika kila hali, kimoja kimoja, bila kutuma hata shilingi. Mwombe fundi wako akuonyeshe kisanduku chako katika hali zote sita. Kama ana mbili tu za kuonyesha, kazi haijaisha.

5. Vitu visivyokaa ndani ya kisanduku

Msimbo wa JavaScript unaoendeshwa na kivinjari unaweza kusomwa na yeyote. Mtu mwenye kompyuta anabonyeza vitufe viwili, anaona kila kitu. Kwa hiyo funguo za Daraja za biashara yako hazifai kuwekwa ndani ya kisanduku. Zikae kwenye seva. Fundi anayeziweka kwenye ukurasa kwa sababu "ni rahisi zaidi" amefunga duka akaacha ufunguo mlangoni. Bei pia: seva ndiyo ihesabu kwamba pakiti 4 ni shilingi 400. Ikiamini kiasi kinacholetwa na ukurasa, mjanja atakibadilisha kiwe shilingi 4.

Jambo la pili ni vile vifurushi vya kuazima. Kiunzi kimoja kinaweza kuvuta mamia ya vifurushi, kila kimoja kimeandikwa na mtu usiyemjua. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2018 iligundulika kwamba kifurushi maarufu kiitwacho event-stream kilikuwa kimewekewa msimbo wa kuiba, uliolenga pochi ya bitcoin iitwayo Copay. Septemba 2025 wahalifu walimdanganya kwa barua pepe ya uongo mtunzaji wa vifurushi vinavyotumika sana, vikiwemo chalk na debug, wakaweka ndani yake msimbo wa kubadilisha anwani za kupokea sarafu za kidijitali.

Dawa si kuacha kuazima. Dawa ni kuazima vichache, kufungia toleo linalojulikana, na kuangalia kabla ya kusasisha. Faili iitwayo package-lock.json ndiyo inayofungia matoleo hayo. Fundi asiifute.

6. Kwako mteja: sura si ushahidi

Sasa unaelewa jinsi kisanduku kinavyozalishwa kwa urahisi. Amri moja, nusu siku ya kazi, na mtu ana kisanduku chenye rangi ya kijani na maandishi yanayofanana kabisa na ya halali. Tapeli naye anazo zana hizohizo. Usiamini ukurasa kwa sababu "unaonekana kama ule mwingine". Angalia haya:

- PIN inaombwa wapi? Ukurasa wa tovuti ukikuomba PIN, funga. Hakuna maelezo mengine ya kusikiliza.
- Dirisha la simu linasema nini? Soma kiasi na jina la biashara kabla ya kuweka PIN. Umenunua mabuyu ya shilingi 400 na dirisha linasema 4,000, au jina hulijui? Ghairi.
- Ulianzisha wewe? Dirisha likitokea bila wewe kubonyeza popote, ghairi. Mtu yeyote mwenye Till au Paybill iliyounganishwa anaweza kutuma ombi kwa nambari yako.
- Unaambiwa uweke PIN ili upokee? Ni uongo. Kupokea pesa hakuhitaji PIN. Dirisha la PIN ni la kutoa.
- Ujumbe umetoka wapi? Ukurasa kuandika "Umelipa" si risiti. Risiti ni ujumbe kutoka MPESA, na salio lako. Kwako muuzaji ni hivyohivyo: usitoe mzigo kwa picha ya skrini ya mteja.

Ujumbe wa utapeli unaweza kuusambaza kwenda 333 kwa wateja wa Safaricom, bila malipo.

7. Kwako mfanyabiashara: maswali saba ya kumuuliza fundi

1. Umetumia kiunzi gani, na bado kinatunzwa?
2. Kisanduku ni kijenzi kinachotumika tena, au umeandika upya kwa ajili yangu?
3. Nionyeshe hali zote sita.
4. Funguo za Daraja ziko wapi? Jibu sahihi ni "kwenye seva".
5. Nani anahesabu bei, ukurasa au seva?
6. Umejaribu kwenye mazingira ya majaribio ya Daraja kabla ya kwenda hewani?
7. Ukihama, msimbo na akaunti ya Daraja vinabaki kwa jina la nani? Viwe kwa jina lako.

Ukipata majibu ya moja kwa moja, endelea naye. Akikwambia "usijali, hayo niachie mimi", jali.

Jipime

- Umebonyeza "Lipa", umeweka PIN, mtandao umekatika, ukurasa unasema "Jaribu tena". Ufanye nini kwanza? *Angalia ujumbe wa MPESA na salio lako. Usibonyeze tena kabla ya kujua. Kama umekatwa, mpe muuzaji nambari ya muamala.*
- Ukurasa mzuri, rangi zote sawa, una nafasi ya nambari ya simu na chini yake nafasi ya PIN. Ni salama? *La. Ondoka.*
- Kijana amekutengenezea kisanduku, na kinafanya kazi vizuri ukilipa mwenyewe dukani. Kazi imeisha? *Bado. Hujaona hali zote sita.*

Mpitishie somo hili jirani mwenye duka, na yule mzee wa nyumbani ambaye simu yake mnamsaidia kuitumia. Kama hana muda wa kusoma yote, mwambie hili moja tu: nambari ya simu unaandika kwenye ukurasa, PIN unaweka kwenye dirisha la simu, na vitu hivi viwili havikutani.